Aliye katikati ya picha si lazima ndiye mwenye nguvu

Kila ninapowafundisha maofisa mawasiliano na watafiti kutumia NodeXL, ile programu inayofanya kazi ndani ya Excel na kuchora nani kaungana na nani mtandaoni, kila mtu nukta na kila uhusiano kiungo, picha ya kwanza ikitokea tu kuna mtu atanyoosha kidole: "Huyu hapa katikati ndiye kinara." Nimelisikia hadi nimechoka, na linaniuma kwa sababu fedha za kampeni hugawiwa kwa kufuata kidole hicho.

Nafasi ya nukta kwenye picha haipimi nguvu ya mtu. Kanuni ya kupanga picha ya Fruchterman na Reingold ya mwaka 1991 huanza kwa kuzitawanya nukta ovyo, kisha zilizounganishwa huvutana huku zote zikisukumana. Ipange upya picha ileile na aliyekuwa katikati anaweza kuangukia pembeni, ilhali data haijabadilika hata chembe.

"Basi tumchukue mwenye viungo vingi." Nalo si jibu. Chukua mtandao mdogo wa mfano wa mtafiti David Krackhardt wa mwaka 1990, wenye umbo la tiara: watu 10, viungo 18. Uandike mwenyewe, kila kiungo mstari wake, jina moja safu ya kwanza, la mwenzake safu ya pili. Diane ana viungo 6, hakuna mwenye vingi kama yeye. Heather ana 3 tu. Sasa kokotoa njia fupi kati ya watu wengine zinampitia nani zaidi, kipimo ambacho mwanasosiolojia Linton Freeman alikiwekea hesabu mwaka 1977. Heather anapata 14. Diane hafikishi hata 4. Mwondoe Diane, waliobaki wote bado wanafikiana. Mwondoe Heather, wawili wa mkiani wanakatika kabisa. Anayetaka ujumbe uvuke kutoka kundi moja hadi jingine anamhitaji Heather, na huyo ndiye ninaowafundisha humruka.

Kwa hiyo nawasihi: fungeni picha kwanza. Pangeni laha ya Excel yenye orodha ya nukta kwa kipimo hicho cha njia fupi, kikubwa juu, msome majina 20 ya mwanzo na machapisho yao. Picha ije baadaye.

"Ana wafuasi laki tano, mbona haonekani?" Kwa sababu ramani ya nani kamtaja nani haihesabu wafuasi. Asiyetaja wala kutajwa hana kiungo. Na tazameni mwelekeo: kutaja watu 200 si sawa na kutajwa na watu 200.

"Kundi jekundu ni wapinzani." Nani kasema? Kanuni inayogawa makundi hayo, ya Clauset, Newman na Moore ya 2004, haisomi neno hata moja, inaangalia viungo tu. Someni walichoandika kabla ya kulibandika kundi jina.

"Hii ndiyo sauti ya Watanzania." Hapana. Hao ni walioandika hadharani, kwa hashitegi mliyoichagua, siku mlizozichagua. Magrupu ya WhatsApp, ya familia, ya kazini, ya harusi, hayamo humo hata kwa nukta moja.

Na wanaoamini data za X bado huchotwa bure kama enzi za Twitter: mlango huo ulifungwa 2023. Iwekeni gharama hiyo kwenye bajeti kabla ya kumwahidi mfadhili ramani.