Manjamma Jogathi na jamii ya jogappa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Alimkosea Rais adabu.
Manjamma Jogathi ni mcheza ngoma wa India, tena ni jogappa, yaani mtu aliyezaliwa mwanamume, akaaminika kuitwa na mungu wa kike Yellamma, akawekwa wakfu kwake na kuishi kama mwanamke. Novemba 2021, New Delhi, alipokwenda kupokea nishani ya Padma Shri kwa Rais wa India wakati huo, Ram Nath Kovind, kwanza alishika ncha ya sari yake na kumfanyia Rais ishara fulani ya mikono. Video ikasambaa, na wasioijua desturi ile wakaona kioja. Ilikuwa dua. Jogappa humwondolea mtu kijicho namna hiyo, na ukumbi mzima ulimshangilia.

Dhana: Alipewa nishani kwa sababu ni transjenda, yaani mtu anayeishi kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa.
Hili ndilo linaloudhi zaidi, maana linafuta kazi ya miongo kadhaa. Padma Shri ni nishani ya nne kwa ukubwa miongoni mwa nishani za kiraia za India, naye aliipata kwa upande wa sanaa, kwa ajili ya jogathi nritya, ngoma ya kaskazini mwa jimbo la Karnataka inayochezwa kwa heshima ya Yellamma. Kabla ya hapo alikuwa ameshapata tuzo ya Rajyotsava ya jimbo mwaka 2010, na mwaka 2019 akawa transjenda wa kwanza kuwa rais wa Karnataka Janapada Academy, taasisi ya serikali ya jimbo inayosimamia sanaa za jadi.

Anayedhani ngoma hii ni kuzungukazunguka tu atazame kichwani. Mchezaji hubeba sanamu ya Yellamma au chungu kilichopambwa, bila kukishika, huku akiimba, akiinama na kunyanyuka tena. Shingo haina ruhusa ya kufuata kiuno: magoti na nyonga ndivyo vinavyokunja na kuzunguka, kichwa kinabaki pale pale. Anayeanza huangusha mzigo kwa kosa lile lile la kutazama chini anapoinama, maana macho yakishuka kichwa nacho hushuka.

Ala yake kuu ni chaudike, mzinga wa mti uliowambwa ngozi upande mmoja. Uzi mmoja hutoka katikati ya ngozi na kupanda hadi kwenye kigingi juu ya kijiti. Mpigaji huubana mzinga kwapani na kuudonoa uzi kwa kipande kidogo kigumu. Hewa ikiwa na unyevu, ngozi hulegea na sauti hushuka, kwa hiyo kigingi hukazwa upya kabla ya kuimba.

Dhana: Jogappa na hijra ni kitu kimoja.
Wote wamo katika historia ndefu ya watu wa jinsia ya tatu India, lakini njia zao ni mbili. Hijra huishi katika nyumba zenye guru na wanafunzi wake, na wengi hupitia kuhasiwa. Jogappa hufungamana na Yellamma, ambaye hekalu lake kubwa liko Saundatti, wilaya ya Belagavi. Kinachomwingiza mtu ni shanga anazofungwa shingoni hekaluni; kijadi hakuna upasuaji. Wala si huntha, kwani huntha ni suala la maumbile ya kuzaliwa nayo.

Dhana: Familia humheshimu mtoto aliyeitwa na Yellamma.
Mtaa humheshimu siku ya sherehe, nyumbani ni mambo mengine. Manjamma, mzaliwa wa wilaya ya Ballari, alipelekwa na wazazi hekalu la mungu wa kike Huligeyamma karibu na mji wa Hospet akiwa kijana, akafanywa jogappa. Baada ya hapo aliondoka nyumbani na kuishi kwa kuombaomba barabarani akiwa amevaa sari. Alichokuwa nacho ni elimu ya darasa la kumi. Davangere ndipo alipowaona baba na mwanawe wakicheza jogathi nritya, akajifunza kwao, kisha akaingia kundi la Kalavva Jogathi. Kalavva alipofariki, Manjamma aliliongoza kundi na kuitoa ngoma uani mwa mahekalu akaipandisha jukwaani, mbele ya watu waliokuja kwa ajili ya sanaa. Huo ndio uanaharakati wake: aliyezoea kumwona jogappa akinyoosha mkono kuomba sasa anamwona akilipwa kama msanii.

Dhana: Mahakama ilishamaliza tatizo.
Aprili 2014 Mahakama ya Juu ya India ilitambua jinsia ya tatu, na mwaka 2019 Bunge likatunga sheria ya kuwalinda transjenda. Hukumu haiajiri mtu. Ndiyo maana hatua ya Karnataka ya mwaka 2021 ilikuwa na uzito: jimbo lilitenga asilimia 1 ya nafasi za ajira serikalini kwa transjenda, likiwa la kwanza India kufanya hivyo.