Data hupotelea njia panda

Siku mbili nzima mtandao wangu wa neva, yaani mfumo wa kompyuta unaojifunza kutokana na mifano, ulinigomea, na programu haikuonyesha kosa hata moja. Ninautengeneza kwa ajili ya mashamba ya zabibu ya hapa Dodoma, kule Hombolo na Mpunguzi. Unapewa picha ya jani, useme kama lina ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na kama lina, umeenea kiasi gani. Kwenye swali la kwanza ulikuwa unaendelea vizuri. Kwenye la pili, jani safi na jani lililojaa weupe kama limenyunyiziwa unga wa sembe yalipata namba ileile.

Mtandao wenyewe ni grafu: kila moduli, yaani kipande chenye kazi yake, ni nodi au kituo, na mishale kati yake hubeba tensa, yaani majedwali ya namba. Njia moja hupokea picha na kutoa namba 512. Nyingine hupokea joto, unyevu na mvua za siku 7, jumla namba 21, na kutoa 64. Zikikutana, zinapangwa moja baada ya nyingine, zinakuwa 576. Moduli ya makutano haianzi kazi mpaka pande zote mbili zifike, kwa hiyo programu huhakikisha kila moduli inakuja baada ya zile inazozitegemea.

Ningeweza pia kujumlisha badala ya kupanga, mradi maumbo, yaani idadi ya namba na mpangilio wake, yalingane. ResNet, mtandao wa kutambua picha wa Kaiming He na wenzake wa mwaka 2015, hufanya hivyo: kinachoingia kwenye moduli huongezwa kwenye kinachotoka. Jumla huirudisha gradienti, yaani ishara ya kila namba isogezwe wapi na kiasi gani ili kosa lipungue, pande zote mbili bila kuipunguza, na ndiyo maana waliweza kufika tabaka 152. Mimi huona huo ni uamuzi mzuri ajabu.

Baada ya makutano kuna njia panda. Namba zile 576 huenda kwenye moduli ya kusema kama ugonjwa upo na kwenye moduli ya kiwango, yaani umeenea kiasi gani. Wakati wa kujifunza gradienti hurudi kutoka kote kuwili, na pale njia panda hujumlishwa. Huku ikija 0.3 na kule -0.3, jibu ni sifuri, namba hiyo haisogei. Nikadhani moduli zangu zinavutana. Nikazipima: hazivutani.

Kosa lilikuwa mwisho kabisa. Majani hupita kwa mafungu ya 32. Tokeo la kiwango lilikuwa na umbo la 32 kwa 1, majibu sahihi yalikuwa na umbo la 32 tu. Nilipotoa moja kwenye jingine nilitarajia tofauti 32. Programu ikayatanua yote mawili kimyakimya, ikanipa 32 kwa 32, yaani tofauti 1,024. Kila jani lilikuwa linasahihishwa kwa majibu ya majani yote ya fungu lake! Mtandao ukifundishwa hivyo hukimbilia wastani, na wastani ndiyo ile namba moja niliyokuwa naiona kila mahali.

Mstari mmoja wa kubadili umbo ulitosha. Sasa kila mshale kwenye grafu yangu nimeuandikia umbo lake kwenye msimbo, na tensa isiyolingana nalo inasimamisha kazi palepale.