Mama mjamzito, weka wembe chini

"Nesi, samahani, sijanyoa." Maneno haya nayasikia leba karibu kila zamu, na kila mara yananiumiza. Mama ana uchungu, njia imeshafunguka sentimita sita, lakini kinachomtia aibu ni mavuzi. Mwenzake wa kitanda cha pili kajinyoa jana usiku, tumbo limemziba hata haoni mkono unapopita, na kinena chote kina mikwaruzo.

Wifi kamwambia, shoga kamwambia, pengine hata mhudumu wa afya kamwambia, kwamba asiponyoa mtoto atazaliwa kwenye uchafu. Si kweli. Nywele zilizooshwa kwa maji na sabuni ni safi. Wembe ndio wenye madhara: unaacha vijeraha, vingine havionekani kwa macho, na bakteria huingilia humo. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2015 kwamba kuwanyoa akina mama kabla ya kujifungua kama utaratibu wa kawaida hakupendekezwi. Mwaka 2016 likatoa mwongozo wa upasuaji: nywele ziachwe, na ikilazimu kuziondoa zipunguzwe kwa mashine, wembe usitumike kabisa. Kwa hiyo anayejinyoa nyumbani ili awe tayari kwa operesheni anajiongezea hatari ya mshono kutunga usaha. Na wauguzi wenzangu mnaowagombeza wazazi kwa sababu ya nywele, tafadhali acheni.

Waislamu huniuliza kuhusu sunna. Hadithi ya Anas bin Malik katika Sahih Muslim imeweka ukomo wa kukaa bila kunyoa kuwa siku 40, basi mama ajihesabie, anyoe mapema akisaidiwa na mtu anayeona vizuri, ngozi ipone kabla ya uchungu. Kwa wengine wote wanaotaka kupunguza tu, ushauri wangu haubadiliki: mkasi mdogo, mkono wa dada au wa mume, basi. Dawa za kunyolea msizipake huko, zinababua.

Fangasi je? Hawaletwi na nywele. Ujauzito wenyewe, kisukari na antibiotiki ndivyo vinavyowapa nafasi, na ukinyoa watabaki palepale.

Eti ukinyoa zinaota nene zaidi: mtaalamu wa anatomia Mildred Trotter alilipima jambo hili Marekani, akachapisha majibu mwaka 1928, na si hivyo. Wembe haufiki kwenye mzizi. Unaacha ncha butu, ndiyo maana zinachoma.

Vile vipele vya baada ya kunyoa ni nywele zetu za kipilipili zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Spiriti haizizuii, pumzisha wembe.

Wembe mmoja kwa ndugu wawili, hapana, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 bila kufa.

Na anayependa kubaki na nywele zake abaki nazo. Akija kujifungua nitamwomba kadi ya kliniki na kanga safi.