Waanabaptisti hawakubatiza "tena"

Jumapili iliyopita, katika darasa la Biblia, nilisikia tena: "Waanabaptisti ni wale wanaoamini maji yanaokoa, ndiyo maana wanabatiza mara mbili." Sentensi moja, makosa mawili.

Kwa kifupi, Waanabaptisti ni Wakristo wanaobatiza aliyeamini mwenyewe, si mtoto mchanga. Chimbuko lao ni Conrad Grebel, Felix Manz, Georg Blaurock na wenzao, waliobatizana mjini Zürich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525. Wamennonite, wakiwemo hawa wetu wa Shirati, Tanzania, ni uzao wao wa kiimani. Wakalvini, Waprotestanti wanaobatiza watoto na ambao nitawalinganisha nao hapa, wanatokana na Zwingli, mchungaji wa mji huohuo, na baadaye Calvin wa Geneva.

Kinachopotosha ni jina. Kwa Kigiriki, "ana" ni tena, na "baptizo" ni kuzamisha, kubatiza. Lakini jina hilo walibandikwa na wapinzani. Wenyewe waliitana ndugu. Maji waliyotiwa uchangani hawakuyahesabu kuwa ubatizo, kwa kuwa mtoto mchanga hajatubu wala hajaamini. Huu wa ukubwani ndio ulikuwa wa kwanza. Neno "tena" lilikuwa la mashtaka. Mwaka 1526 baraza la Zürich lilitangaza kwamba atakayebatiza tena atatoswa majini, na tarehe 5 Januari 1527 Manz akafungwa mikono, ikapitishwa magotini, fimbo ikapenyezwa katikati asiweze kujikwamua, akatoswa katika mto Limmat.

Kuhusu wokovu, Wakalvini na Waanabaptisti wote wanakiri neema. Mkalvini anasema Mungu aliwateua watu wake tangu kabla ya kuumba ulimwengu, na neema yake haishindwi. Mwenye dhambi anahesabiwa haki kwa ajili ya Kristo, kama hakimu anavyomwachia mshtakiwa. Matendo mema yanafuata: Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, kitabu chao cha mafundisho, inayaweka kwenye sehemu ya shukrani. Na mtoto wa waumini anabatizwa kwa sababu yumo ndani ya agano, kama ilivyokuwa tohara kwa Waisraeli.

Kwa Waanabaptisti, neema inatangulia, ila mtu anaweza kuikataa. Kuokoka ni kuzaliwa upya, na aliyezaliwa upya anamfuata Kristo, hata katika kumpenda adui. Hans Denck, mmoja wao, aliandika kwamba hakuna amjuaye Kristo kwa kweli asipomfuata katika maisha yake. Utii haukai nje ya wokovu ukisubiri zamu yake, umo ndani.

Na watoto je? Kazi ya Kristo inawafunika hadi wafikie umri wa kupambanua mema na mabaya. Wakifa bila kubatizwa, hawapotei. Anayefundisha hivyo anawezaje kuambiwa anaamini maji yanaokoa?

Kwa hiyo, ndugu yangu wa darasani, tukirudi Jumapili ijayo kwenye habari za Grebel na wenzake, tuseme tu kwamba walibatizana. Hilo "tena" tuwaachie waliowashtaki.