Ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka ni nini?

Ukisubiri kindege cha Mafia au Zanzibar pale Jengo la Kwanza la Abiria, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, huenda ukamwona rubani akiizunguka ndege taratibu, anainama chini ya bawa, anatikisa hiki, anagusa kile. Huo ndio ukaguzi kabla ya kuruka: kuhakikisha kwa macho na mikono kwamba ndege iko salama. Fundi anaweza kuwa amesaini makaratasi jana, lakini rubani hasamehewi kuangalia leo.

Kipengele cha mafuta ndicho chenye mitego. Kwenye ndege ndogo za injini ya pistoni, rubani hukinga kikombe cha plastiki angavu chini ya tangi, akabonyeza vali, mafuta kidogo yakatoka. Petroli ya ndege aina ya 100LL ina rangi ya bluu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini ya kikombe. Akiyaona, anakinga tena na tena mpaka yaishe. Na kilichomo kikombeni kikiwa hakina rangi yoyote asifurahi upesi, pengine amekinga maji matupu! Kwa unyevu wa pwani yetu, tangi lililolala nusu hupata maji lenyewe. Yasipotolewa, injini itawaka vizuri tu, kisha inakohoa na kuzima ndege ikiwa ndiyo kwanza imeacha ardhi, mahali ambapo hakuna nafasi ya kugeuka.

Kuna pia mrija wa kupimia kasi, ambao nyigu hupenda kuujengea kwa udongo. Ukiziba, kipimo kinadanganya. Kuna mfuniko wa tangi, matairi, oili.

Halafu kuna kizuizi cha usukani, kinachowekwa ndege ikiegeshwa ili upepo usiyumbishe mabawa yake ya kuongozea. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege ya majaribio Boeing Model 299 ilipaa kizuizi kikiwa hakijafunguliwa, ikaanguka. Wawili walikufa, na waliokuwa wakiirusha hawakuwa wanagenzi. Baada ya hapo ndipo marubani wa ndege hiyo wakaandikiwa orodha ya kusoma kabla ya kuruka.

Orodha nayo haisaidii ikisomwa kama dua ya kukariri, mdomo unasema “mafuta sawa” na jicho halijafika. Ndiyo maana rubani makini akikatizwa katikati huanza upya. Kama una swali la mizigo, msubiri amalize.