Bodi chakavu haisagiki kama mahindi

Bodi za kompyuta na simu zinazotoka kwa mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, hufika maabara kwa gunia. Tunachoyeyusha ni nusu gramu. Hiyo nusu gramu ndiyo itakayosema gunia zima lina risasi kiasi gani na dhahabu kiasi gani, na ikikosewa kinuni hakuna mashine ya kupimia itakayoinusuru.

Piga hesabu uone. Kipande cha shaba chenye mm 2 kila upande kina uzito wa miligramu 72 hivi. Kikiangukia katika ile nusu gramu, peke yake ni asilimia 14 ya sampuli. Kisipoangukia, jibu linageuka kabisa. Chembe ya mm 0.25 ina miligramu 0.14 tu. Kwa hiyo tunasaga hadi ipite chekeche la mm 0.25.

Kabla ya kusaga, toa betri, kapasita kubwa na vipoza joto vya alumini. Betri ya lithiamu ikikatwa na visu huwaka moto. Kila unachokitoa kipime na ukiandike, kwani bila uzito huo huwezi kurudisha majibu kwenye bodi nzima.

Kata vipande vya sm 2 hadi 4, kisha pitisha kwenye kinu cha visu kwa chekeche la mm 4, halafu mm 1, mwisho mm 0.25. Usiruke hatua. Kinu kikichemka, plastiki hulainika na kuganda kwenye visu, na zebaki hupotea kama mvuke. Saga kwa vipindi vifupi, ukiacha kipoe. Mwenye naitrojeni ya kimiminika (nyuzi -196) ana nafuu: plastiki huwa kavu na kuvunjika kama kioo. Shaba, hata kwenye baridi hiyo, hubaki laini vilevile.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Shaba haivunjiki, hubonyea, na nyuzi zake husokotana kama katani juu ya chekeche. Ukizitupa, umetupa sehemu ya bodi. Zipime, ziyeyushe peke yake, kisha jumlisha kwa uwiano wa uzito. Vumbi nalo lisipeperuke, maana limebeba risasi na bromini: zima feni, funika kinu, vaa barakoa ya chujio. Pima kabla na baada ya kusaga. Upungufu ukizidi asilimia 2, mimi hurudia.

Kugawa unga, tumia kisanduku cha mifereji, kinachoumwaga unga nusu kwa nusu pande mbili. Kuchota juu kwa kijiko ni kosa, kwa sababu chembe nzito za metali huzama chini. Kausha kwa nyuzi 40, si 105, ili zebaki isitoroke, na wakati wa masika uhifadhi unga kwenye chombo chenye silika ya kufyonza unyevu, maana hewa ya pwani huongeza uzito wake.

Kati ya sampuli na sampuli, saga mchanga safi wa kwatzi, nao upimwe: visu vya chuma cha pua huacha kromiamu na nikeli.

Kwenye asidi, gawa mafungu mawili tangu mwanzo. Akwa rejia (hidrokloriki 3 kwa naitriki 1) huyeyusha dhahabu, lakini fedha hugeuka kloridi nyeupe ikatua chini. Naitriki pekee huyeyusha fedha, ila sasa stani (bati la kulehemu) ndiyo inayotua.