Vaskulitisi inayosababishwa na bakteria kwenye damu

Vaskulitisi ni kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria kinga iliyogeuka kuushambulia mwili wake yenyewe bila sababu. Ipo hata hivyo aina ambayo chanzo chake ni bakteria walio hai ndani ya damu, na kuitambua mapema kunaokoa figo.

Mara nyingi maficho yao ni vali za moyo. Staphylococcus aureus, au bakteria wa jamii ya streptokoki, hung'ang'ania hapo ndani ya damu iliyoganda, kisha huachia wenzao kwenye mzunguko kwa siku au wiki nyingi. Huo ndio ugonjwa wa endokaditisi: homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, kukonda.

Kinga nayo hailali. Kingamwili hunasa vipande vya bakteria, na viwili hivyo huwa kifungu kimoja. Vikiwa vichache, mwili huvifagia. Vikizalishwa mfululizo, hutuama kwenye mishipa midogo, vikaamsha protini za kinga ziitwazo komplimenti na kuita chembe nyeupe, ambazo hujeruhi ukuta wa mshipa. Kwa hiyo bakteria anaweza kuharibu figo bila kufika figoni.

Na figo ndiyo huumia zaidi. Kila moja ina vichujio takriban milioni 1, kila kichujio kikiwa fundo la mishipa myembamba ambamo damu hupita kwa shinikizo, na vifungu vile hunasa humo. Mkojo hugeuka kahawia kama maji ya kutu, au hutoa povu lisiloisha upesi kwa sababu protini zinavuja. Miguuni hutokea madoa ya zambarau, yameinuka kidogo ukiyapapasa. Ukiyakandamiza kwa glasi angavu, hayafifii.

Hapa ndipo pananitia hofu. Kipimo cha damu cha ANCA, kinachotumika kutafuta vaskulitisi ya kinga kujishambulia, kinaweza kuwa chanya hata kwa mgonjwa wa endokaditisi. Daktari akikiamini peke yake akaanza steroidi (dawa za kutuliza kinga) za dozi kubwa, anawafunga mikono walinzi huku adui yumo ndani. Ndiyo maana damu huchukuliwa zaidi ya mara moja ili kuotesha bakteria maabara, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki kila inapowezekana, na moyo hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Mgonjwa aliyekwisha kumeza vidonge vya kujinunulia aseme bila aibu, maana dawa hizo zinaweza kuwazuia bakteria wasiote.

Tiba ya endokaditisi ni antibiotiki, kwa kawaida za kupitia mshipani, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6. Wengine huhitaji pia upasuaji wa vali. Bakteria wakiisha, figo nyingi hupata nafuu, ingawa baadhi hubaki na makovu na mgonjwa akahitaji mashine ya kusafisha damu. Mkojo na kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyochuja, huendelea kupimwa hata baada ya homa kukatika.